SOMO LA WAZAZI: MTOTO MWENYE VITUKO
Fungu la kusoma: Mwanzo 37:1-11



Katika kutembelea nyumba zenu, akina mama wengi wameniuliza: "Mchungaji, huyu nimfanyeje?" Mtoto ana miaka 4. Akinyimwa chai anajitupa chini kana kwamba amefiwa. Akijikwaa kidole anachechemea hadi jioni, na akisahau anachechemea mguu mwingine. Jumapili jioni anapanda juu ya ndoo na kuhubiri, mikono juu, kama mimi.

Mzazi, hilo si pepo. Watoto huzaliwa na tabia mbalimbali, na mtoto wa umri huo bado hana nguvu ya kuzuia hisia zake. Hujifunza kutulia kwa mkubwa aliyetulia.

Mtazameni Yusufu. Alikuwa na miaka 17, si mtoto mdogo, lakini hakuweza kuficha jambo. Aliwasimulia ndoto ndugu waliomchukia, kisha akaleta na ya pili. Yakobo alimkemea, lakini hakulisahau jambo lile. Wengi wetu tunajua kukemea tu. (Ila ile kanzu ilileta wivu. Mwenye vituko huvuta macho ya wote, na yule mkimya anakaa pembeni. Naye mwangalieni.)

Linalonisumbua zaidi ni hili: "Nyamaza, polisi watakuchukua!" Nimelisikia Busia kwenye foleni ya mpakani, nimelisikia na hapa kwetu. Ndugu zangu, wengi wetu tulivuka Busia na Malaba mwaka 2008, tukakaa kwenye mahema ya Mulanda, wilayani Tororo, kabla ya kuletwa Kiryandongo. Waliokuwa watoto kule sasa ni wazazi, na hofu ile wanaijua. Kwa nini tuwarithishe wadogo? Tena mtoto akipotea Busia sokoni, katikati ya malori na boda boda, atamkimbia askari ambaye angemrudisha kwako.

Badala yake chutama, macho yako yakutane na yake, punguza sauti. Taja kinachomsumbua: "Umekasirika kwa sababu nimekataa mandazi." Halafu weka mpaka: "Leo hakuna mandazi. Na kunipiga, hapana." Kisha ngoja. Ukimpa baada ya kilio, kesho atalia zaidi, maana umemfundisha bei. Watu watakutazama, waache watazame. Na tusimcheke wageni wakiwepo, kisha tumchape kwa jambo lile lile siku tumechoka. Atajuaje lipi ni kosa?

Akisema anaumwa, hata kama jana alidanganya, shika kwanza paji la uso. Malaria haichagui mtoto. Akiwa na joto, mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo.

Mtoto mchangamfu akinyamaza ghafla, au akianza kuamka usiku akipiga mayowe, au kukojoa kitandani baada ya kuacha, hayo si vituko tena. Huenda kuna jambo limempata. Usimchape. Muulize taratibu mkiwa wawili, na umwone mhudumu wa afya, au njoo kwangu.

Wazazi wenye watoto chini ya miaka 6 tubaki baada ya ibada Jumapili ijayo tuzungumze. Akina baba pia. Njooni na watoto, hata wenye kelele.