Kaseti ya Kigango: Nani Aliinakili, na Lini?



Nikiwa frateri katika mwaka wa uchungaji nilipelekwa milimani Usambara, nikahudumia vigango vya upande wa Shume. Huko kuna ukungu wa aina mbili. Upo ule unaoshuka kutoka msituni asubuhi na kufunika mashamba ya viazi na kabichi, na upo ule mweupe unaoota juu ya kila kitu kilichofungiwa kabatini. Huo wa pili ndio ulionifanya nisafishe kabati la kigango kimoja, nikakuta kaseti ya video imebandikwa karatasi yenye maneno ya kalamu: “Misa ya kwanza ya Padre wetu.”

Mama mmoja wa WAWATA aliponiona nayo aliniambia kwa sauti ya chini, “Frateri, hiyo siyo yenyewe. Yenyewe katekista aliiuza mjini kwenye banda la video, akatuachia hiyo mbovu.” Katekista huyo alifariki mwaka 1993. Mjane wake yupo, husali benchi la nyuma, na maneno hayo ameyasikia kwa zaidi ya miaka ishirini.

Kwa nini kaseti moja iliumiza watu hivyo? Vijana mliozaliwa na simu mkononi, kumbukeni hali ya wakati ule. Papa Yohane Paulo II alipotutembelea Septemba 1990, Tanzania Bara haikuwa na kituo chochote cha televisheni. Zanzibar walikuwa nacho tangu miaka ya 1970, lakini huku Bara ITV ilianza mwaka 1994 na televisheni ya taifa ikafuata mwaka 2000. Aliyetaka kuiona tena sherehe alitafuta mkanda, deki na jenereta. Mkanda ukaazimwa, ukanakiliwa, nakala nayo ikanakiliwa. Kigango kilichokuwa na picha ya mtoto wake akiadhimisha Misa ya kwanza kilikuwa na hazina, na hazina ikiharibika watu hutafuta mwizi.

Nilianza na ganda. Juu yake pameandikwa E-180, yaani dakika 180 kwa mfumo wa PAL tunaotumia sisi. (Mkanda uliorekodiwa Marekani huwa wa mfumo wa NTSC, na deki nyingi za huku huuonyesha bila rangi au hushindwa kabisa. Ukikuta mkanda wa namna hiyo kwenye nyumba ya mapadre, chanzo chake umeshaanza kukijua.) Mwandiko wa karatasi sikuutilia maanani. Aliyeandika jina anaweza kuwa mtu mwingine kabisa, miaka mingi baada ya aliyenakili.

Nilifuta ukungu na kuuacha mkanda ukauke kabla ya kuutia kwenye deki ya kuazima. Usiharakishe hapo: mkanda wenye ukungu huchafua vichwa vya deki, na deki ikachafua mkanda unaofuata. Kiwanda cha mwisho kilichojulikana kutengeneza deki hizo, Funai ya Japani, kiliacha Julai 2016, kwa hiyo ukiiua deki ya mtu usidhani utamnunulia mpya.

Picha ilipotokea, pembeni palikuwa na tarehe ya kamera, mwaka 1991. Wengi huishia hapo. Lakini tarehe hiyo ni ya siku ya kupiga picha. Imo ndani ya picha, na kila nakala huibeba vilevile.

Kilichonishtua ni neno PLAY. Deki ikibonyezwa icheze huandika neno hilo kwenye kona ya kioo kwa sekunde chache, na kama deki nyingine inarekodi wakati huo, neno linaingia kwenye nakala. Kaseti ya kigango ilikuwa na PLAY mbili, moja ya herufi nene na nyingine ya herufi nyembamba, wala deki niliyoazima haiandiki kitu. Maana yake mkanda huu ulikuwa umenakiliwa si chini ya mara mbili, kwa deki mbili tofauti.

Halafu ile michirizi. Wakati wa Utukufu mistari myeupe inakata picha. Nilizungusha kitufe cha kurekebisha mkanda. Michirizi ya mkanda wenyewe ingesogea au kutoweka, lakini hii ilibaki palepale. Basi haikuwa ya mkanda huu. Ilirithiwa kutoka kwa mzazi wake.

Dada yake padre, anayeishi Lushoto mjini, alikuwa na kaseti nyingine. Nilimwamkia, nikaomba, akanipa bila swali. Kwake michirizi ya Utukufu ipo, sekunde ileile. PLAY ipo moja tu, ile nene. Maandamano ya vipaji yapo yote, ilhali kwenye ya kigango yamekatika. Na rangi ya kasula ni safi zaidi. Katika VHS ya PAL kila kunakili husukuma rangi chini kidogo, mpaka nyekundu inaonekana imemwagika nje ya mpaka wa nguo.

Mafrateri wanaosoma Maandiko wataitambua njia hii, kwa kuwa ni uhakiki wa matini. Mwandishi wa kale aliporuka mstari, wote walionakili kwake waliuruka pia, na wataalamu hupanga hati kwa ukoo wakifuata makosa zinazoshiriki. Makosa yote ya kaseti ya dada yamo katika kaseti ya kigango, nayo ya kigango imeongeza ya kwake. Kwa hiyo ya kigango ni mtoto wa ile ya dada, au wa nyingine iliyofanana nayo. Kinyume chake hakiwezekani.

Lini, basi? Jibu lilikuwa mwishoni, mahali ambapo hakuna anayefika kwa sababu baraka ikishatolewa watu huzima. Niliiacha iende. Zikaja chenga kwa sekunde chache, kisha taarifa ya habari ya ITV, imeanza katikati ya neno.

Nilijizuia kushangilia. Huenda habari ilirekodiwa baadaye, kwenye nafasi iliyobaki. Nikarudi mwanzo. Sekunde za kwanza za Misa zina mawimbi ya rangi kama upinde wa mvua yanayocheza juu ya picha. Hiyo ndiyo dalili ya kurekodi juu ya kitu cha zamani, kwa sababu kichwa cha kufutia kiko mbele kidogo ya ngoma ya kurekodia, na kipande kilicho kati yake hakifutwi. Mwishoni kwa sababu hiyohiyo hubaki kipande kilichofutwa bila kurekodiwa, na hizo ndizo zile chenga. Mkanda ulikuwa na habari za ITV kwanza, Misa ikawekwa juu yake. Nakala hii haikuwapo kabla ya 1994.

Katekista alikuwa kaburini tangu 1993.

Nilipomweleza Baba Paroko, aliuliza kama wengi walivyouliza baadaye: “Sasa ni nani?” Dada wa padre anakumbuka kuazimisha kaseti yake kwa watu wengi, hata kwenye sherehe za Kipaimara, na nilipoona anaanza kuhesabu majina kwa vidole nilimwomba aache. Mkanda unataja mashine, mpangilio na mara nyingine mwaka. Jina la mtu hautaji. Katekisimu, namba 2477, inamwita mwenye hatia ya hukumu ya pupa hata yule anayesadiki kimyakimya kosa la jirani bila msingi wa kutosha. Kigango kilikuwa kimeshafanya hivyo mara moja.

Wala sijui kama kaseti ya awali iliwahi kukaa katika kabati lile. Ninachojua ni kwamba hii inayosemwa aliiacha yeye, hakuiacha.

Paroko alilisema hilo Jumapili baada ya Komunyo, kwa sentensi tatu, mjane akiwa benchi lake. Kaseti zote mbili tumezihamishia kwenye kompyuta. Ya kigango imesimamishwa wima kwenye kasha kavu ofisini parokiani, na kwenye karatasi mpya tumeandika: “Imepigwa 1991. Imenakiliwa si kabla ya 1994, kutoka nakala nyingine. Aliyenakili hajulikani.”