Gari jipya linapovuta upande: Mnunuzi ajue ugonjwa kabla ya kulipia dawa

Mfanyabiashara wa Nyanda za Juu Kusini anaponunua gari, iwe ni pikapu ya kubebea nyanya za Ilula au Canter ya kupeleka viazi vya Uporoto sokoni, huwa ameweka ndani yake sehemu kubwa ya mtaji wake, na mara nyingi fedha hizo ni za mkopo. Siku ya pili au ya tatu anagundua kwamba akilegeza mikono katika barabara iliyonyooka, gari linaelekea kushoto au kulia lenyewe. Anakwenda gereji. Fundi anashika tairi, analitikisa mara mbili na kutoa hukumu: "Bosi, hii ni alaimenti tu." Mteja analipa. Wiki inayofuata gari bado linavuta, na sasa anaambiwa kuwa ni boljointi, kisha tairodi, kisha bushi.

Kuvuta upande ni dalili, kama homa ilivyo dalili. Anayemeza dawa ya malaria kila anapopata homa atapona mara chache kwa bahati na mara nyingi atakuwa amepoteza fedha. Kwa mnunuzi wa gari kuna jambo la ziada: baadhi ya vyanzo vya dalili hii humalizwa kwa pampu ya upepo, lakini kimoja ni sababu ya kulirudisha gari kwa muuzaji, na muda wa kufanya hivyo haumsubiri mtu. Ndiyo maana mpangilio wa uchunguzi una thamani kuliko spana. Huanza na kile kisichogharimu kitu.

Ieleweke pia kwamba katika soko letu "gari jipya" kwa kawaida ni gari lililotumika Japani kwa miaka kadhaa na kupata namba za Tanzania mwezi uliopita. Jipya ni kwa mwenye kulinunua.

Barabara nayo huvuta

Tanzania huendesha kushoto, na barabara ya lami hujengwa ikiwa imeinuka katikati ili maji ya mvua yatiririke kando. Kwa hiyo karibu kila gari zima litateremka kidogo kidogo kuelekea kushoto likiachiwa. Hilo si kosa la gari. Gari linalovuta kulia, yaani linapanda mwinuko huo, ndilo la kutiliwa shaka mara moja.

Barabara kuu ya kutoka Iringa hadi Mbeya ina mitego mingine. Malori ya mizigo ya Zambia na Kongo yamechimba mifereji ya magurudumu katika lami, hasa kwenye miinuko, na tairi pana likiingia humo hufuata mfereji. Makambako pana upepo mkali unaopiga ubavuni, na dereva wa Hiace anaweza kuapa kwamba stelingi imeharibika kumbe ni upepo. Mahali pazuri pa kujaribia ni kwenye tambarare, kama vipande vilivyonyooka vya upande wa Igurusi na Chimala, asubuhi mapema kabla magari hayajawa mengi. Dereva ashike usukani kwa wepesi bila kuuachia kabisa, aende mwendo wa kilometa 60 kwa saa, kisha arudi njia hiyo hiyo. Likivuta kushoto wakati wa kwenda na kushoto tena wakati wa kurudi, huenda ni mteremko wa lami tu. Apate eneo lililo sawa kabisa, mathalani uwanja mpana wa lami au wa saruji, arudie mwendo wa pole. Kama kuna upepo wa pembeni, mvuto utageuka upande anapogeuka.

Mzigo nao uangaliwe. Gunia la lumbesa lina uzito mkubwa, na Canter iliyopangwa magunia mengi zaidi upande mmoja italalia upande huo. Jaribio lifanywe gari likiwa tupu.

Matairi kabla ya fundi

Baada ya barabara huja matairi, na hapa ndipo kesi nyingi huishia. Upepo upimwe matairi yakiwa baridi, yote manne, na yalingane kushoto na kulia. Tairi lenye upepo pungufu huwa zito kuzunguka, na gari huvuta upande wake. Kuna wanaosema gari lililojazwa upepo Dar es Salaam huharibika likifika Mbeya kwa sababu ya mwinuko na baridi. Ni kweli kwamba mwinuko wa karibu meta 1,700 huongeza usomaji wa kipimo kwa pauni mbili na nusu hivi, na baridi ya alfajiri huupunguza kwa kiasi kinachokaribia hicho, lakini mabadiliko hayo huyapata matairi yote manne kwa pamoja. Hayawezi kulivuta gari upande mmoja.

Kisha yatazamwe maandishi ubavuni. Matairi mawili ya mbele yawe ya ukubwa mmoja, aina moja na yaliyolika kwa kiwango kimoja. Magari ya mtumba hufika yakiwa na matairi ya kuokoteza, kushoto la kampuni hii na kulia la kampuni ile.

Hata matairi yanayofanana yanaweza kuvuta. Ndani ya tairi la redio kuna mkanda wa waya za chuma, na ukikaa nje ya katikati hata kidogo, tairi hutenda kama pia. Laza kikombe cha karatasi mezani na ukisukume: hakiendi moja kwa moja, kinazunguka kuelekea upande wake mwembamba. Ugonjwa huu hauonekani kwa macho wala mashine ya alaimenti haiugundui. Unagunduliwa kwa jeki na spana ya gurudumu: tairi la mbele kushoto lipelekwe kulia, la kulia lije kushoto, kisha gari lirudishwe katika barabara ile ile. Mvuto ukihama upande, mhalifu ni tairi, na hakuna fundi wa stelingi anayestahili kulipwa hata senti moja. Mvuto ukibaki pale pale, matairi yameachiwa huru. Kwa matairi yenye mshale wa mwelekeo, yasihamishwe upande. La mbele libadilishane na la nyuma la upande huo huo.

Jaribio hili huchukua nusu saa. Ni ajabu jinsi linavyorukwa.

Breki inayong'ang'ania

Gari lililokaa miezi katika yadi yenye hewa ya chumvi linaweza kupata kutu kwenye kalipa, na pedi zikabana diski bila mtu kukanyaga. Vilevile mpira wa breki uliozeeka huvimba kwa ndani, ukaruhusu mafuta ya breki kwenda lakini yakachelewa kurudi. Gari huvuta upande wa gurudumu lililoshikwa. Dalili yake ni joto: baada ya kuendesha kilometa 10 hivi bila kukanyaga breki kwa nguvu, kiganja kisogezwe karibu na kila ringi pasipo kugusa. Moja ikiwa na moto kuliko mwenzake wa upande wa pili, gari linyanyuliwe na gurudumu hilo lizungushwe kwa mkono. Linapaswa kuzunguka kwa wepesi.

Tofauti ipo kati ya gari linalovuta muda wote na lile linalovuta breki zinapokanyagwa tu. Hili la pili huelekea upande ambao breki inafanya kazi, kwa hiyo kasoro iko upande ulio kinyume. Wengi hufungua upande usiohusika.

Kosa la breki halisubiri mwisho wa mwezi. Gari lenye gurudumu linalong'ang'ania likiteremka Kitonga, au mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi, joto laweza kuchemsha mafuta ya breki hadi pedali izame mpaka chini.

Usukani wenyewe

Kabla ya kufika kwenye mashine kuna jaribio moja fupi. Magurudumu ya mbele yanyanyuliwe na gari likae juu ya stendi imara, kisha injini iwashwe. Usukani ukianza kuzunguka wenyewe, kasoro imo katika pawa stelingi. Katika mfumo wa mafuta ni vali isiyo sawa. Katika mfumo wa umeme, uliozoeleka sasa katika magari madogo, mara nyingi ni kihisio kilichopoteza alama yake ya katikati, na hurekebishwa kwa kompyuta bila kubadili kifaa.

Hapo tu ndipo alaimenti inapostahili kutajwa, na hapa mnunuzi anahitaji kuelewa anachouziwa. Mashine hupima pembe tatu. Ya kwanza, tou, ni jinsi matairi mawili yanavyokaribiana kwa mbele kulinganisha na nyuma. Ya pili, kemba, ni jinsi tairi linavyolala ndani au nje likitazamwa kutoka mbele. Ya tatu, kasta, ni mlalo wa mhimili ambao gurudumu hugeukia, na mwendesha baiskeli anaifahamu bila kuijua jina: ni ule mlalo wa uma wa mbele unaomwezesha kwenda wima hata akiachia mikono.

Tou ikikosewa, usukani hukaa upande na matairi huliwa, lakini gari kwa kawaida halivuti. Linalovuta ni tofauti ya kemba au kasta kati ya kushoto na kulia. Gari huenda upande ambao tairi limelala nje zaidi kwa juu, au upande wenye kasta ndogo. Tofauti ya nusu digrii inatosha kuhisiwa mikononi. Sasa katika magari mengi madogo tou ndiyo pekee iliyowekewa skrubu ya kurekebishia kwa urahisi, na gereji nyingi hurekebisha hiyo, hunyoosha usukani na kumkabidhi mteja funguo. Ameuziwa kitu chenye faida, lakini si dawa ya ugonjwa wake.

Faida hiyo isidharauliwe. Tou iliyokosewa kwa milimita 3 tu katika tairi lenye kipenyo cha sentimita 60 ina maana kwamba kwa kila kilometa moja matairi mawili ya mbele huburutwa kiubavu jumla ya meta 5. Kutoka Iringa hadi Mbeya ni kilometa zipatazo 330. Kila tairi litakuwa limesuguliwa kwa meta zaidi ya 800. Tuseme, kwa mfano wa hesabu, jozi ya matairi ilikusudiwa kwenda kilometa 40,000 na sasa inaisha kwa 20,000: gharama ya matairi ya mbele kwa kila gunia linalosafirishwa imekuwa maradufu, na mwenye gari hajui imeingilia wapi.

Kwa hiyo mteja adai karatasi ya vipimo, vya kabla na baada, na asome safu ya kemba na ya kasta kushoto na kulia. Kama kasta haina mahali pa kurekebishia na bado inatofautiana, kuna kitu kimepinda au bushi imekufa. Kwenye Canter na malori madogo pia ekseli ya nyuma ikaguliwe: sentabolti ikikatika au yubolti zikilegea, ekseli husogea na gari hutembea kama kaa. Tepu ya kupimia itaonyesha hilo. Pima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi la nyuma, kushoto kisha kulia, magurudumu yakiwa yamenyooka.

Kipimo kikikataa kulingana

Gari dogo ambalo vipimo vyake havilingani, nafasi kati ya tairi na bodi ni pana upande mmoja, na rangi ndani ya boneti inatofautiana, limewahi kugongwa. Bushi mpya hazitalinyoosha. Kwa magari yaliyopitia mnada wa Japani, muuzaji aombwe karatasi ya mnada yenye namba ya chesisi inayolingana na ya gari. Daraja likiandikwa R au RA, gari lilipata ajali likatengenezwa. Alama XX kwenye mchoro ni sehemu iliyobadilishwa, na W ni mahali paliponyooshwa. Gari kama hilo linaweza kufaa kwa bei yake, ila bei yake si ile ya gari zima.

Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, humtaka mwenye biashara ya kuuza bidhaa za aina fulani kutoa bidhaa yenye ubora wa kuuzika. Lakini mnunuzi aliyekagua mwenyewe hawezi kulalamikia kasoro ambayo ukaguzi huo ulipaswa kuionyesha, na anayekaa na gari kwa muda mrefu bila kumjulisha muuzaji kuwa analikataa huhesabiwa kuwa amelipokea. Aliyenunua kwa mtu binafsi, asiye mfanyabiashara wa magari, ana kinga ndogo zaidi. Kwa gari jipya kabisa kutoka kwa wakala, kitabu cha dhamana kisomwe: mara nyingi alaimenti hudhaminiwa kwa muda mfupi kuliko injini.

Hivyo basi, mara tu vipimo vinapoonyesha kupinda, muuzaji aandikiwe barua yenye tarehe ya ununuzi, kilometa zilizosomeka siku hiyo na siku ya ukaguzi, na nakala ya karatasi ya alaimenti. Barua itangulie kazi yoyote ya kunyoosha, kwani gari likishafunguliwa na fundi mwingine muuzaji atasema kasoro imetoka huko. Nakala moja isainiwe na aliyeipokea.