Maana ya Neno Kasinoma

Mwaka jana shangazi yangu alirudi na cheti cha daktari: "kasinoma in situ" ya mlango wa kizazi. Nyumbani kilio kikaanza. Mimi nikaenda kuuliza maana.

Kasinoma ni kansa ianzayo katika ngozi au utando wa viungo vya ndani. Jina hilo latoka katika neno la Kiyunani lenye maana ya kaa. Hata "saratani" kwa Kiarabu ni kaa. Ikianzia chembe bapa huitwa kasinoma ya skwamasi. Ikianzia chembe za tezi, adenokasinoma. "In situ" ni Kilatini, "mahali pake": bado haijapenya ndani.

Shangazi alitibiwa mapema, na leo analima. Tuulize maana kwanza, ndipo tulie.