Safari ya Ndege Nairobi hadi Mombasa: Jinsi ya Kupima Umbali na Wakati

Mtu akiambiwa ya kuwa ndege hufika Mombasa kwa robo tatu ya saa, hudhani safari yake yote itakwisha kwa muda huo. Hesabu hiyo yaweza kumkosesha safari na nauli pamoja. Na tuipime vema.

Kwanza, umbali. Kiwanja cha Nairobi kiko Embakasi. Kilifunguliwa mwaka 1958, na tangu 1978 huitwa kwa jina la Jomo Kenyatta. Kile cha Mombasa, kiitwacho kwa jina la Moi, kiko bara, magharibi ya kisiwa. Chukua ramani. Ukitoka Embakasi ukaelekea kusini kilomita zipatazo 300, kisha ukageuka mashariki kilomita nyingine kama 300, utafika Mombasa. Lakini ndege haizunguki hivyo. Hukata njia iliyonyoka, nayo ni kilomita zipatazo 420. Kwa barabara ni kama 480.

Pili, wakati. Gawanya umbali kwa mwendo. Ndege ya jeti ikiwa juu huenda karibu kilomita 800 kwa saa; basi kilomita 420 zingekwisha kwa dakika 32. Mbona tikiti huonyesha karibu saa nzima? Kwa sababu ndege hutambaa kwanza ardhini, hupanda kwa mwendo mdogo, na haikai sana juu kabla ya kuanza kushuka. Pengine hungoja zamu ya kutua. Ratiba huhesabu yote hayo, tangu ndege inapong'oka mahali iliposimama mpaka isimamapo tena.

Tatu, safari nzima. Tuseme mtu wa Thika amepata habari kwamba mama yake amelazwa hospitali huko Mombasa. Kufika Embakasi, kwa msongamano wa magari, atenge saa mbili. Kukaguliwa na kungoja, saa moja na nusu. Kuruka, saa moja. Kuchukua mizigo na kufika hospitali, saa moja. Jumla ni saa tano na nusu. Basi kutoka Nairobi huchukua saa nane au zaidi. Treni ya haraka, iliyoanza mwaka 2017, karibu saa tano njiani, mbali na mwendo wa kwenda stesheni na kutoka. Sasa aweza kulinganisha nauli na wakati kwa haki.

Mwisho, jihadhari na saa ya tikiti. Tikiti huhesabu tangu usiku wa manane. 07:00 si saa saba, bali ni saa moja asubuhi. Mwenye kukosea hapo atafika kiwanjani ndege imekwisha ondoka zamani, na mgonjwa angali akimngoja. Kwa saa za mchana, tangu 07:00 hadi 18:00, toa sita.

Zoezi: Tikiti ya mtu wetu wa Thika yasema 16:20. Aondoke nyumbani saa ngapi?

Jibu: 16:20 ni saa kumi na dakika ishirini alasiri. Toa saa tatu na nusu za njiani na za kungoja. Aondoke saa saba kasoro dakika kumi mchana, wala asichelewe.