Mbwa na Bwana Wake

Mungu aliumba nyama wa kila namna, akampa mtu amri juu yao. Amri hiyo si ruhusa ya kuwatesa. Ni kazi ya kuwatunza. Kati ya nyama wote, mbwa amezoea kukaa karibu sana na mtu. Usiku analinda nyumba, na porini anamfuata mwindaji. Katika Kitabu cha Tobia twasoma kwamba kijana Tobia aliposafiri na malaika Rafaeli, mbwa wake alifuatana nao njiani.

Lakini mbwa asiyetunzwa ni hatari. Bwana wake hamlishi wala hamfungi. Basi huzunguka sokoni na kwenye takataka akitafuta chakula. Huko hupigana na mbwa wengine. Mmoja akiwa na kichaa, huwaambukiza wenzake.

Kichaa cha mbwa ni nini? Si uchawi, wala si laana. Ni ugonjwa unaoletwa na kijidudu kidogo sana, kisichoonekana kwa macho. Hukaa katika mate ya mbwa mgonjwa. Mbwa huyo akimwuma mtu, au akilamba kidonda chake, kijidudu huingia mwilini, na polepole hufuata mishipa ya fahamu mpaka kwenye ubongo. Mara nyingi miezi miwili au mitatu hupita bila alama yoyote. Kisha mgonjwa hupata homa. Ana kiu, lakini akiona maji huogopa. Ugonjwa ukisha kuonekana hivi, karibu wote hufa. Kila mwaka watu maelfu mengi wa Afrika na Asia hufa hivyo, na watoto ni wengi kati yao.

Je, hakuna dawa? Ipo, lakini yataka haraka. Mwaka 1885, katika nchi ya Alsace, mtoto wa miaka 9, jina lake Joseph Meister, aliumwa mara nyingi na mbwa mwenye kichaa. Mama yake hakukaa kulia tu. Akampeleka Paris kwa mtaalamu Louis Pasteur, aliyekuwa amekwisha kukinga mbwa kwa dawa yake. Tarehe 6 Julai mtoto akaanza kuchomwa sindano, siku kwa siku. Akapona. Alipokuwa mtu mzima akafanya kazi ya kulinda mlango katika Institut Pasteur, nyumba ya wataalamu yenye jina la yule aliyemwokoa.

Mtoto mwingine huumwa na mbwa, naye hunyamaza. Labda alimtupia mbwa mawe, sasa aogopa fimbo ya baba. Kidonda ni kidogo, kinafunga upesi. Lakini hatari haijafunga. Kuficha kosa ni vibaya. Kuficha jeraha la mbwa kwaweza kuua. Mtoto aliyeumwa aoshe kidonda kwa maji mengi na sabuni, muda wa dakika 15. Asitie udongo wala majani. Awaambie wazazi au mwalimu, na siku ile ile apelekwe hospitali kuchomwa sindano. Mbwa akijulikana, mganga wa nyama aarifiwe, ili amchunguze kwa siku 10.

Katika miji mikubwa, kama Lubumbashi na Bukavu, mbwa ni wengi. Watu wengine husema: « Wauawe wote, ugonjwa utakwisha. » Wamekosea. Mbwa wengine watazaliwa, na wengine watatoka mahali pengine. Lakini penye mbwa 10, kama 7 wamechanjwa, ugonjwa hukosa njia ya kupita. Kwa hiyo kazi kubwa ya waganga wa nyama ni kuchanja. Tarehe 28 Septemba, siku aliyokufa Pasteur mwaka 1895, imewekwa kuwa siku ya ulimwengu ya kupigana na ugonjwa huu.

Lakini mganga wa nyama akileta dawa, nani atamleta mbwa? Ni bwana wake. Mji hauwezi kumtunza mbwa ambaye bwana wake mwenyewe amemwacha. Anayefuga mbwa ampe chakula na maji kila siku. Asimwache azunguke barabarani. Ampeleke achanjwe, na karatasi ya chanjo aitunze vizuri. Na kama hana uwezo wa kulisha watoto wa mbwa, asiwatupe sokoni. Awape watu watakaowatunza. Mtu anayefanya hivyo anampenda mbwa wake, na anampenda jirani yake pia.

Maulizo
1. Kijidudu cha kichaa hukaa wapi katika mbwa mgonjwa?
2. Mama ya Joseph Meister alifanya nini?
3. Ukiumwa na mbwa, utafanya nini kwanza? Halafu?
4. Kwa nini kuua mbwa wote hakumalizi ugonjwa?
5. Taja kazi tatu za mtu anayefuga mbwa.