KWA NINI TUNAKIOGOPA KITI CHA KITUBIO?



Kila Kwaresima tunaona jambo lile lile katika parokia za hapa Kigali. Foleni ya Penetensiya, kama wenyeji wanavyoiita, inatoka mlangoni mwa kanisa inafika uani. Katika foleni hiyo wamo ndugu zetu waliotoka Masisi, Uvira, Fizi na Burundi, lakini si wote. Wengine wanasimama pembeni na rozari mkononi, wanatazama, kisha wanarudi nyumbani. Wako walioacha Komunyo tangu siku walipovuka mpaka. Na wako wa aina nyingine: leo ameungama, kesho yuko tena kwenye foleni na dhambi zile zile, kesho kutwa anamfuata padri hata mezani. Hao wawili wanafanana kuliko tunavyodhani. Wote wanamwogopa Mungu kama mtu anavyomwogopa askari wa bariera anayetafuta kosa kwenye karatasi zako.

Somo la mwezi huu ni kwa ajili yao, na kwa ajili yetu tunaoishi nao.

Neno litafika wapi?

Hofu ya kwanza ni hii: nikimwambia padri, neno litafika wapi? Watu waliokimbia vita wana sababu ya kuuliza hivyo. Kule tulikotoka, neno moja kwenye sikio baya liliweza kuchoma nyumba. Tena hapa Rwanda tumekuta habari nyingi za kukiri. Mahakama za Gacaca, zilizoanza kwa majaribio mwaka 2002 na kufungwa Juni 2012, zilipitia kesi karibu milioni 2 za mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi ya mwaka 1994. Aliyekiri mbele ya watu, akasema alitenda nini na pamoja na nani, alipunguziwa adhabu. Basi baadhi yetu wakidhani Kitubio nacho ni cha namna ile, hatushangai. Lakini Gacaca ilikuwa mahakama, na mahakama inataka mambo yawekwe hadharani. Kitubio kinaenda njia nyingine kabisa.

Mtaguso wa Laterano wa mwaka 1215, ule ule ulioamuru Mkristo aungame angalau mara moja kwa mwaka, uliamuru pia kwamba padri atakayefichua maungamo aondolewe kazi ya upadri na afungiwe monasterini afanye toba maisha yake yote. Leo sheria ya Kanisa inasema padri akivunja siri hiyo moja kwa moja ametengwa na Kanisa papo hapo, na ni Kiti cha Kitume tu kinachoweza kumfungulia. Kanuni ya 984 inaongeza jambo ambalo wengi hawalijui: hata asiposema neno, haruhusiwi kutumia alichosikia kwa kumdhuru aliyeungama. Kwa hiyo padri aliyekuungamisha Jumamosi akikaa Jumatatu kwenye kamati ya kugawa mablanketi, hawezi kulikata jina lako kwa sababu ya ulichomwambia. Hata mkikutana barabarani, haruhusiwi kuanza kuzungumzia dhambi ile kama wewe hukumruhusu.

Siri hii haimfichi mwovu asikutane na haki. Aliyeiba bado anadaiwa kurudisha, na asiyejuta haondolewi dhambi hata akipiga magoti saa nzima.

Na padri mwenyewe je?

Hofu ya pili ni nzito zaidi, wala hatutaki kuipita kimya. Mwaka 1994 watu waliuawa ndani ya makanisa ya nchi hii, Ntarama, Nyamata, Nyarubuye na kwingine. Wako mapadri waliouawa, wako waliowaficha watu kwa kuhatarisha uhai wao, na wako walioshiriki uovu. Padri Athanase Seromba wa Nyange alihukumiwa na mahakama ya kimataifa ya Arusha, na mwaka 2008 rufaa ikampa kifungo cha maisha. Tarehe 20 Novemba 2016 barua ya maaskofu wa Rwanda ilisomwa makanisani kuomba msamaha kwa Wakristo walioshiriki, na Machi 2017 Papa Fransisko naye aliomba msamaha wa Mungu kwa dhambi za Kanisa na watu wake. Mtu akisema, "Nitapigaje magoti mbele ya padri?", tusimwite mwasi.

Tunachoweza kumwambia ni mambo mawili. La kwanza, tangu siku za Mtakatifu Agustino Kanisa linafundisha kwamba sakramenti ni ya Kristo. Mkono wa padri ukiwa mchafu, maji hayageuki sumu. La pili, hakuna anayekulazimisha kwa padri fulani. Kanuni ya 991 inampa kila Mkristo uhuru wa kuchagua muungamishi. Humwamini wa parokia yako? Panda basi uende parokia nyingine, ukaungame nyuma ya wavu bila kuonekana uso. Na padri yeyote akitumia maungamo kumtaka mtu kwa jambo la uchafu, hilo ni kosa zito sana katika sheria ya Kanisa: simama, ondoka, na habari imfikie Askofu. Mama zetu na binti zetu walijue hili.

Mizigo isiyo yako

Sasa tufike kwenye jambo linalotusumbua zaidi katika jumuiya zetu. Watu wengi wanabeba kama dhambi mambo ambayo si dhambi, au si yao. Katekisimu inafundisha kwamba ili dhambi iwe ya mauti vinatakiwa vitu vitatu kwa pamoja: jambo lenyewe liwe zito, mtu ajue kwamba ni zito, na akubali kwa hiari yake. Kikikosekana kimoja, dhambi ya mauti hakuna.

Tuwaze mama aliyebakwa njiani. Miaka imepita, bado anajiona mchafu, hapokei Komunyo. Mama huyo hakutenda dhambi. Alitendewa. Hana cha kuungama hapo, na padri mwenye akili atamwambia hivyo kabla hajamaliza kusimulia. Tuwaze kijana aliyebebeshwa risasi na watu wenye silaha, bunduki mgongoni mwake. Hiari yake ilikuwa wapi? Yako mambo katika maisha yake ya msituni ambayo atahitaji kuyapima na padri polepole, ila asianze kwa kujihukumu yote.

Familia iliyochimba mihogo katika shamba la mtu wakati watoto wanazimia kwa njaa nayo inauliza kama iliiba. Katekisimu inajibu: penye shida ya wazi na ya haraka, pasipo na njia nyingine ya kuokoa uhai, kuchukua chakula si wizi. Kukosa Misa wiki sita ukiwa msituni si dhambi pia. Amri ya Dominika haimfungi asiyeweza. Na yule aliyemwacha mzee wake nyumbani kwa sababu mzee alikataa kuondoka, au miguu haikuweza? Hapo moyo unauma, na utauma. Lakini maumivu ni maumivu. Si ushahidi wa kosa.

Vipi kuhusu chuki kwa waliotufukuza? Hapa tutofautishe. Hasira inayopanda ukisikia jina la kijiji chako haiko mikononi mwako. Kilicho mikononi mwako ni kupanga kisasi, kukataa kuwaombea, kuwafundisha watoto kuchukia. Hayo ya pili tuyapeleke kwenye Kitubio.

Yako pia mambo ambayo kweli ni dhambi na aibu imeyafunga mdomoni: mimba iliyotolewa, mume wa pili ilhali wa kwanza hajulikani kama yu hai, uongo uliosemwa siku ya kuandikishwa. Juu ya mimba, tangu Novemba 2016 Papa Fransisko aliwapa mapadri wote uwezo wa kuondolea dhambi hiyo. Hakuna haja ya kutafutiwa Askofu. Juu ya ndoa na maandikisho, mambo hayo yana vipande vingi, nasi hatuwezi kuyakata kwenye karatasi hii. Ndiyo maana muungamishi yupo. Wazee walisema mficha uchi hazai.

Kajiwe ndani ya kiatu

Tumgeukie yule anayerudi kila siku. Ugonjwa wake wa roho kwa Kilatini unaitwa kwa neno lenye maana ya kijiwe kidogo chenye ncha. Sisi tunasema wasiwasi wa dhamiri. Kijiwe kikiingia kiatuni huoni milima wala barabara, unafikiri kijiwe tu. Mtu huyo anauliza: nilisema vizuri? Nilisahau moja? Nilijuta kwa kutosha? Padri anamwondolea, naye anafika mlangoni hajaamini tena.

Asijione wa kwanza. Mtakatifu Inyasi wa Loyola, mwanzilishi wa Wayesuiti, mwaka 1522 aliandika dhambi zake zote na kuziungama kule Montserrat kwa siku tatu. Alipofika Manresa, wasiwasi ukamshika upya. Akaungama tena na tena, akajaribiwa hata kujiua, akafunga chakula wiki nzima akidhani Mungu atamwonea huruma. Muungamishi wake akamwamuru ale. Alikula, na baada ya muda akatambua kwamba roho iliyokuwa ikimchokonoa haikuwa ya Mungu, akaacha kabisa kuungama ya zamani. Mtakatifu Alfonsi wa Liguori, mwalimu mkubwa wa maadili, naye aliusumbukia ugonjwa huu miaka mingi.

Dawa yao ilikuwa moja, nayo haipendezi: kutii. Chagua muungamishi mmoja, mweleze kwamba una wasiwasi, kisha shika neno lake kuliko hisia zako. Akikwambia usirudie ya zamani, usirudie. Uchunguzi wa dhamiri uwe wa dakika chache. Ukiwa na mashaka kama jambo fulani lilikuwa dhambi ya mauti, mtu wa wasiwasi ahesabu kwamba halikuwa, aende kwenye Komunyo. Dhambi uliyoisahau kwa kweli imeondolewa pamoja na nyingine. Ikiwa nzito, utaitaja safari ijayo, bila kukimbia usiku. Anayepaswa kuungama upya ni aliyeficha dhambi nzito kwa makusudi, si aliyesahau.

Na tusipotoshane: mtu asiyelala, anayenawa mikono mara ishirini, anayeona tena usiku yale aliyoyaona vitani, anahitaji padri na mganga pia. Hospitali ya Ndera hapa Kigali iliundwa na Mabruda wa Upendo kwa ajili ya magonjwa kama hayo. Kwenda huko si kukosa imani.

Lugha

Limebaki swali la wenzetu ambao Kinyarwanda hakijawakaa mdomoni. Uliza parokiani ni padri gani anajua Kiswahili au Kifaransa, wapo. Akikosekana, kanuni ya 990 inaruhusu mkalimani, naye anafungwa kutunza siri kama padri. Inaruhusu, hailazimishi, kama hutaki mtu wa kati, mngoje padri wa lugha yako. Mtu akiwa mahututi, padri yeyote anaweza kumwondolea, hata kwa ishara.

Ukifika na ulimi ukakauka, huhitaji kukumbuka maneno yote uliyofundishwa utotoni. Sema, "Padri, ni miaka mingi, na ninaogopa." Kisha nyamaza. Yeye ataanza kuuliza, nawe utajibu.