Popo Mzima, Virusi Hai

Mtaalamu wa magonjwa ya wanyamapori anajibu maswali kuhusu upimaji wa popo.

Kwa nini popo hupimwa ugonjwa wa virusi wa Marburg ukizuka kwa watu?
Mwaka 2007 wachimbaji wa mgodi wa Kitaka, magharibi mwa Uganda, waliugua Marburg. Popo wala matunda 611 wa mgodi huo walipopimwa, 31 walikutwa na vinasaba vya virusi. Kutoka kwa watano, virusi hai vilioteshwa maabara. Popo wenyewe hawakuonekana wagonjwa, na ndiyo sababu hatuwezi kuwatambua kwa macho.

Popo anapimwaje?
Hunaswa kwa wavu mdomoni mwa pango. Anayemshika huvaa glovu nene za ngozi juu ya zile za mpira, na barakoa maalumu. Huchukuliwa damu, na usufi hupitishwa kinywani. Wakati mwingine hulazimu kumuua ili kupima ini na wengu.

Akiwa na kingamwili, ana virusi?
Si lazima, na hapa ndipo taarifa nyingi hupotosha watu. Kingamwili huonyesha kwamba aliwahi kuambukizwa. Virusi vyenyewe huenda vilishatoka. Maambukizi ya sasa hutafutwa kwa PCR, kipimo cha vinasaba. Msimu nao ni muhimu. Katika Pango la Chatu, ndani ya Hifadhi ya Malkia Elizabeth, maambukizi hupanda mara mbili kwa mwaka, watoto wa popo wanapofikia miezi sita hivi. Aliyepima wakati mwingine akakosa virusi asitangaze kwamba pango ni salama.

Si bora kuwaua wote?
Kitaka walifanya hivyo mwaka 2008. Popo wachache walirejea, na mwaka 2012 Marburg ikazuka tena Ibanda, si mbali na mgodi. Safari hii 53 kati ya popo 400 walikuwa na virusi: asilimia 13.3, kutoka 5.1. Yaelekea nafasi ya waliouawa ilijazwa na popo wasio na kinga. Naomba viongozi wa vijiji wasiruhusu tena jambo hili.

Sisi wa Kagera, tuliopata Marburg mwaka 2023 na 2025, tufanyeje?
Msiingie mapangoni wala migodini wanamolala popo, na msile tunda lililong'atwa. Dalili huanza siku ya 2 hadi ya 21 baada ya kuambukizwa, zikifanana na za malaria. Aliyeingia pangoni kisha akapata homa amwambie mganga habari za pango kabla ya kutolewa damu.